Jinsi dereva wa lori anavyoweza kuacha kazi kwa amani

BUJUMBURA – Dereva wa lori anapoamua kuacha kazi, jambo la kwanza analofikiria ni barua. Barua ni lazima, lakini kwa dereva wa masafa marefu haitoshi. Mikononi mwake kuna gari la watu, mzigo wa watu, hati za forodha za nchi mbili au tatu, na pesa za njiani ambazo bado hazijafanyiwa hesabu. Asipokabidhi vitu hivyo ipasavyo, anaweza kuondoka akiwa na haki zake zote kisheria na bado akabaki na deni, kesi au jina baya.

Katika soko la usafirishaji la Bujumbura jina ni mali. Sehemu kubwa ya bidhaa za Burundi hupitia bandari ya Dar es Salaam na kuingia nchini kwa mpaka wa Kabanga na Kobero, safari ya takriban kilomita 1,600. Madereva hulala katika maegesho yale yale, husimama kwenye mizani ile ile na kutengeneza magari katika gereji zile zile za Buyenzi. Mwenye gari anayetafuta dereva mara nyingi humpigia simu mwenye gari mwenzake kabla hata ya kuiangalia leseni.

Makala haya yanaeleza hatua za kufuata ili dereva aondoke akiwa amelipwa, akiwa na cheti chake, na akiwa anaweza kurudi siku moja kuomba kazi pale pale.

KANUNI YA KWANZA: GARI TUPU, NDANI YA YADI

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha kazi njiani. Dereva amechoka, posho haijatumwa, amegombana na mwajiri kwa simu. Anaegesha lori Nyakanazi au Kahama, anampa utingo funguo na kupanda basi. Kwa wakati huo anaona amemaliza. Kumbe ndiyo kwanza ameanza matatizo.

Mzigo unaokwenda Burundi hupita Tanzania kama mzigo wa nchi jirani ambao ushuru wake haujalipwa Tanzania. Husafiri chini ya dhamana, ukiwa na lakiri ya forodha na ufuatiliaji wa kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mzigo ukipungua au lakiri ikikatwa, wakala wa forodha na mwenye gari ndio wanaobanwa kwanza, nao watamtafuta dereva aliyesaini kuupokea. Dereva aliyeondoka bila kukabidhi hana namna ya kuonyesha kwamba upungufu ulitokea baada yake.

Kwa hiyo siku nzuri ya kutoa taarifa ni siku ambayo gari limerudi, limeshusha, na liko kwenye yadi ya mwajiri. Siku nzuri ya kuondoka ni kama hiyo hiyo, baada ya muda wa notisi kwisha.

SHERIA YA NCHI GANI?

Malori yanayoingia Bujumbura si yote ya Burundi. Mengi ni ya kampuni za Tanzania, na madereva ni wa mataifa mbalimbali ya Afrika Mashariki. Kwa kawaida dereva hufuata sheria ya nchi alikoajiriwa, si ya nchi alikolala usiku ule. Aliyeajiriwa na kampuni ya Bujumbura ataanza na Kanuni za Kazi za Burundi, hata kama siku nyingi za mwezi yuko Tanzania. Aliyeajiriwa Dar es Salaam ataanza na sheria ya Tanzania.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuutafuta mkataba na kuusoma. Iwapo mkataba unataja muda mrefu wa notisi kuliko ule wa chini unaotajwa na sheria, dereva asiudharau, aliusaini.

Madereva wengi hawana mkataba wa maandishi. Suala hilo limewahi kusimamisha usafiri: Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori nchini Tanzania waligoma, na mikataba ya kazi ilikuwa miongoni mwa madai yao. Asiye na mkataba akusanye mapema vielelezo vingine vya ajira: hati za safari zenye jina lake, rekodi za mshahara kupitia benki au simu, kitambulisho cha kampuni, na kumbukumbu za hifadhi ya jamii.

MUDA WA NOTISI

Notisi, au preavi kama inavyoitwa Bujumbura, ni muda ambao dereva anaendelea kufanya kazi baada ya kutoa taarifa. Hali ilivyo katika nchi za njia hii ni kama ifuatavyo:

Burundi: Kanuni za Kazi zinazotumika ni Sheria Na. 1/11 ya tarehe 24 Novemba 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya tarehe 7 Julai 1993. Muda wa notisi huangalia ni miaka mingapi mfanyakazi amekaa kazini. Dereva ahesabu miaka yake, kisha aulize siku zake katika ofisi ya Ukaguzi wa Kazi (Inspection du travail) kabla ya kuandika tarehe kwenye barua.

Tanzania: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 7 iwapo notisi inatolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi. Notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Aidha, haitolewi mtu akiwa likizoni wala haihesabiwi pamoja na siku za likizo.

Rwanda: Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inataja siku 15 kwa aliyefanya kazi chini ya mwaka mmoja, na siku 30 kwa aliyefikisha mwaka au zaidi.

Kenya: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka siku 28 kwa maandishi kwa anayelipwa kwa mwezi. Upande wowote unaweza kulipa fedha badala ya notisi.

Uganda: Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataja wiki 2 kwa aliyezidisha miezi 6 lakini hajafika mwaka, mwezi 1 kwa mwaka 1 hadi 5, miezi 2 kwa miaka 5 hadi 10, na miezi 3 kwa zaidi ya miaka 10.

Kongo (DRC): Kanuni za Kazi za mwaka 2002 zinampa mfanyakazi anayeachishwa siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili. Mfanyakazi anayeacha mwenyewe hutoa nusu ya muda huo. Kwa mfano, aliyekaa miaka 4 angepewa siku 42. Akiacha mwenyewe anatoa siku 21.

Kuondoka bila kumaliza notisi kuna gharama. Tanzania, kwa mfano, sheria inamruhusu mwajiri kukata katika malipo ya mwisho kiasi ambacho dereva angelipwa kama angefanya kazi siku hizo.

KUMWAMBIA MWENYE GARI

Mwajiri asisikie habari hii kwa utingo, kwa wakala wa forodha wala kwenye kikundi cha WhatsApp. Dereva aende mwenyewe, asubuhi, kabla ya pilika za kupakia. Maneno machache yanatosha: “Mzee, nimekuja kukuarifu mapema. Nimepata kazi mahali pengine na ninataka kuondoka vizuri. Barua yangu hii hapa. Naomba tupange nani atapokea gari.”

Si lazima kutaja tajiri mpya ni nani wala atalipa kiasi gani. Wala si wakati wa kufufua ugomvi wa safari ya mwaka jana. Kama mwajiri ataongeza mshahara ili dereva abaki, dereva aombe siku mbili za kufikiri. Akikubali kubaki, nyongeza iandikwe.

MFANO WA BARUA

Barua iandikwe kwa lugha ya mkataba. Kwa kampuni nyingi za Bujumbura hiyo ni Kifaransa. Inaweza kufuata mpangilio huu:

Bujumbura, tarehe ______
Kwa Mkurugenzi wa ______
Yah: KUACHA KAZI YA UDEREVA
Mimi ______, dereva wa gari namba ______ na trela namba ______, niliyeajiriwa tarehe ______, ninakuarifu kwamba ninaacha kazi kwa sababu ya ______. Notisi yangu ya siku ______ inaanza tarehe ______ na itakwisha tarehe ______. Katika muda huo nitaendelea na kazi kama kawaida.
Ninaomba tupange siku ya kukabidhi gari, hati na masurufu, na kufanya hesabu ya mshahara, likizo na posho ninazodai. Ninaomba pia cheti cha kazi.
Ninashukuru kwa muda niliofanya kazi hapa.
Sahihi ya dereva ______
Nimepokea (jina, sahihi, tarehe) ______

Nakala ziwe mbili. Moja abaki nayo mwajiri, ya pili irudi kwa dereva ikiwa na sahihi ya aliyepokea au muhuri wa ofisi. Mwajiri akikataa kusaini, barua ipelekwe kwa njia inayoacha ushahidi, au dereva aende nayo Ukaguzi wa Kazi.

SAFARI YA MWISHO

Siku 28 zinaonekana nyingi, lakini kwa lori la Bujumbura na Dar es Salaam si nyingi. Safari moja ya kwenda na kurudi inaweza kula wiki mbili au zaidi, bandari ikijaa au mzigo ukichelewa. Kwa hiyo dereva na mwajiri wakubaliane mapema ni safari ipi itakuwa ya mwisho. Isipangwe safari itakayomkuta dereva Dar es Salaam na lori lililopakiwa siku ambayo notisi yake inakwisha. Ikitokea hivyo kwa kuchelewa, ni busara kumaliza safari na kuandikiana siku zilizoongezeka, ili zilipwe.

Safari ya mwisho ndiyo inayochunguzwa kuliko zote. Mwajiri anajua dereva anaondoka, na macho yako kwenye mafuta. Burundi imepitia uhaba mkali wa mafuta katika miaka ya 2020, na dizeli iliyojazwa Tanzania ina thamani kubwa ikifika upande wa pili. Lita chache zisizo na maelezo zinaweza kufuta kazi ya miaka mitano. Hali kadhalika abiria wa njiani na vifurushi visivyo kwenye hati: kama vilikuwa vinafumbiwa macho zamani, safari hii visiwemo kabisa.

MAKABIDHIANO

Hapa ndipo dereva hujilinda. Makabidhiano yafanyike mchana, gari likiwa tupu, mbele ya mwakilishi wa mwajiri na, ikiwezekana, dereva anayepokea. Karatasi ya makabidhiano itaje:

1. Namba ya gari na trela, kilomita zilizosomeka kwenye saa, na kiasi cha mafuta kwenye tangi.
2. Matairi yote pamoja na la akiba, yaliyohesabiwa mmoja mmoja na namba zake kama zipo.
3. Vifaa: jeki, spana, turubai, kamba na minyororo, kizimamoto, pembetatu za kuakisi.
4. Hati za gari: kadi ya gari, bima, kadi ya njano ya bima ya COMESA, hati ya ukaguzi wa gari na vibali vya usafirishaji.
5. Hati za mizigo ya safari zilizopita, hasa ile iliyosainiwa na mteja kwamba amepokea mzigo kamili.
6. Kadi ya mafuta, simu na laini ya kampuni, funguo zote.
7. Ubovu unaojulikana: breki, taa, kioo, mkwaruzo. Kila kimoja kiandikwe, hata kama ni kidogo.
8. Faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Tanzania faini huandikwa kielektroniki kwa namba ya gari, hivyo zitaonekana tu.

Pande zote zisaini, na dereva abaki na nakala. Picha za simu za saa ya kilomita, matairi na pande nne za gari husaidia sana. Dereva anayeficha ubovu wa breki ili aondoke haraka anamwachia mwenzake hatari kwenye mteremko wa Bugarama, na ajali ikitokea jina lake ndilo litakalotajwa.

HESABU ZA MWISHO

Kabla ya kudai, dereva alipe anachodaiwa. Masurufu ya safari yafanyiwe hesabu kwa stakabadhi: maegesho, mizani, tozo za barabara, matengenezo ya njiani. Mkopo au mshahara uliochukuliwa mapema uandikwe wazi.

Kisha yahesabiwe madai yake: mshahara wa siku alizofanya kazi, posho za safari ambazo hazijalipwa, na likizo ambayo hakuichukua. Tanzania sheria inayataja malipo ya kazi iliyofanyika na ya likizo miongoni mwa yanayolipwa ajira inapokwisha. Kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10, ni cha aliyeachishwa na mwajiri. Anayeacha mwenyewe asikiweke kwenye hesabu zake.

Mabishano mengi huanza kwenye makato ya mzigo uliopungua au kifaa kilichoharibika. Mwajiri wa Tanzania hawezi kukata anavyotaka. Sheria inataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, sababu na hesabu ziandikwe, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi hasara yenyewe wala robo ya ujira wake. Kenya makato ya uharibifu yanaruhusiwa kwa kiasi cha haki, pale mfanyakazi alipofanya kosa kwa makusudi.

Katika nchi zinazotumia Kifaransa dereva ataletewa karatasi iitwayo « solde de tout compte », yaani stakabadhi ya kwamba amelipwa yote. Asiisaini akiwa hajashika pesa, wala asisaini asichoelewa. Kama hasomi Kifaransa, amwombe anayekisoma amsomee mstari kwa mstari. Iwapo kuna kipengele asichokubaliana nacho, aandike hivyo kwa mkono kabla ya sahihi.

CHETI CHA KAZI NA HIFADHI YA JAMII

Cheti cha kazi si barua ya sifa. Kinasema mtu alikuwa nani, alifanya kazi gani, kuanzia lini hadi lini. Sheria za Tanzania na Kenya zinamtaka mwajiri akitoe. Bujumbura huitwa « certificat de travail ». Barua ya sifa ni hiari ya mwajiri, na Kenya sheria inasema wazi kwamba halazimishwi. Ndiyo maana kuaga kwa adabu kuna faida: cheti unakipata kwa sheria, sifa unaipata kwa mwenendo.

Aidha, dereva wa Burundi apite INSS na namba yake aone kama michango iliyokatwa kwenye mshahara ilifika. Wa Tanzania, Kenya na Uganda waende NSSF, wa Rwanda RSSB, wa Kongo CNSS. Ni rahisi kurekebisha pengo la miezi michache sasa kuliko miaka 20 baadaye, kampuni ikiwa imefungwa.

KAMA TATIZO NI MWAJIRI

Wapo wanaoacha kazi kwa sababu hawalipwi, au kwa sababu wanalazimishwa kuendesha gari bovu. Hawa wasitoroke. Mshahara usiolipwa udaiwe kwanza kwa maandishi, kisha shauri lipelekwe Ukaguzi wa Kazi na, likishindikana, Mahakama ya Kazi ya Bujumbura. Tanzania shauri huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA): siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Kushikilia lori au mzigo wa mteja kama rehani ya mshahara kunamgeuza mdai kuwa mtuhumiwa.

Kukataa kuondoka na gari lisilo na breki si kuacha kazi. Ni kukataa safari ile, na sababu yake iandikwe.

DHARURA NJIANI

Msiba au ugonjwa hausubiri gari lifike yadi. Ikibidi kuondoka katikati ya safari, dereva aegeshe mahali penye ulinzi, ampigie mwajiri, na mwajiri amwarifu wakala wa forodha kwamba dereva atabadilika. Asubiri dereva mwingine afike. Wakabidhiane kwa karatasi yenye namba ya lakiri, hali ya lakiri, kilomita, mafuta, hati na pesa zilizobaki, saa na mahali. Lakiri isiguswe. Kama hali yake haimruhusu kusubiri, apige picha za vitu hivyo na kuzituma kwa mwajiri kabla ya kuondoka.

BAADA YA KUONDOKA

Dereva aliyeondoka vizuri aendelee vizuri. Asimsimange tajiri wa zamani kwenye foleni ya Kobero, asimvute utingo wake, wala asiwapigie wateja wake kuwaambia wahamishe mizigo. Dereva aliyempokea akipiga simu kuuliza gari lina tabia gani kwenye milima, amjibu.

Mwisho, bahasha moja ibaki nyumbani ikiwa na nakala ya barua iliyopokelewa, karatasi ya makabidhiano, hesabu ya mwisho na cheti cha kazi. Siku mzigo wa zamani utakapoulizwa, au tajiri mpya atakapotaka kujua alikotoka, bahasha hiyo itajibu.